Kulegeza kanuni za kundi la mjadala mtandaoni bila kulivuruga

Kanuni za kundi la mtandaoni huzaliwa moja moja, kila moja siku ya ugomvi. Mtu alibandika tangazo la biashara mara tano, ikaandikwa kanuni ya matangazo. Wawili walitukanana kuhusu siasa, siasa ikapigwa marufuku. Miaka mitatu baadaye waliogombana wameshaondoka, kanuni zao zimebaki, na mgeni anayejiunga leo anakutana na orodha ya vipengele 27 kabla hajasema hata "habari zenu". Mwongozo huu ni wa msimamizi aliyefika hapo, anayetaka kufungua madirisha bila kuwakaribisha matapeli na wapiga kelele.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kila kanuni inafanya kazi fulani, hata ile inayochukiza. Ukiifuta, kazi yake haifi, inamwangukia mtu mwingine. Ukiondoa uhakiki wa kabla ya kuchapisha, kazi ya kugundua taka, yaani ujumbe usioombwa wa matangazo na utapeli, inawaangukia wanachama. Ukiruhusu mada zote, kazi ya kuchagua kipi kisomwe inamwangukia msomaji. Anayelegeza vizuri anajua mapema nani ataupokea mzigo, na amempa njia ya kuubeba.

Kwanza, hakikisha tatizo ni kanuni

Makundi mengi yanayoonekana kubanwa na kanuni kwa kweli yamebanwa na uchache wa wasimamizi. Ujumbe wa mgeni unaokaa kwenye foleni ya kusubiri idhini kwa saa 14 unatoka wakati mazungumzo yameshapoa, naye harudi tena. Hapo kanuni inaweza kuwa nzuri, ila hakuna wa kuitekeleza kwa wakati.

Kwa siku 14, kabla ya kubadili lolote, andika kwenye jedwali moja: idadi ya machapisho kwa siku, yaliyoondolewa na kwa kanuni ipi, ripoti zilizotumwa na wanachama, rufaa za waliolalamika, na muda ambao ujumbe wa kawaida unakaa foleni. Ongeza safu moja ambayo wengi huisahau: katika wanachama wapya walioandika mara ya kwanza, wangapi waliandika tena ndani ya siku 7. Hiyo ndiyo inayoonyesha kama mlango unafukuza watu.

Kisha chukua machapisho 100 ya mwisho yaliyoondolewa. Wasimamizi wawili wayapitie kila mmoja peke yake bila kuona sababu iliyoandikwa awali, na kila mmoja aandike "libaki" au "liondoke". Pale ambapo wote wawili wanasema lingebaki, una kanuni inayozidi mahitaji. Pale wanapotofautiana, kanuni yenyewe haieleweki, na kuilegeza hakutasaidia mpaka iandikwe upya. Wakikubaliana karibu kila mara kwamba yaliondolewa kwa haki, na foleni ni ndefu, ongeza wasimamizi na uache kanuni zilivyo.

Pili, zitenganishe kanuni kabla ya kuzigusa

Weka kila kanuni kwenye fungu moja kati ya manne.

Fungu la kwanza ni zile zisizoguswa: vitisho, kuanika taarifa binafsi za mtu, picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa, unyanyasaji wa watoto, utapeli. Hizi hazimo kwenye uwezo wako hata ukitaka, maana sheria za nchi na masharti ya jukwaa unalotumia viko juu ya kanuni za kundi. Kundi la Facebook au la Reddit linaloruhusu kinachokatazwa na jukwaa lenyewe linaweza kufungwa lote, pamoja na mijadala mizuri ya miaka.

La pili ni kanuni za mlangoni: nani aingie, asubiri muda gani kabla ya kuandika, nani ahakikiwe.

La tatu ni kanuni za umbo: kichwa cha uzi (mada moja na majibu yake) kiandikwe vipi, picha ngapi, ujumbe wa sauti usizidi dakika ngapi, "asante" tupu hairuhusiwi, uzi wa zamani usifufuliwe.

La nne ni kanuni za tabia na mada: lugha, mizaha, siasa, dini, kubishana na msimamizi hadharani.

Anza na umbo. Ndizo zinazowaudhi watu wengi kwa faida ndogo, na ukikosea, hasara yake ni ndogo vilevile. Kuruhusu "asante" hakujawahi kuvunja kundi. Kanuni za mlangoni zifuate, za tabia ziwe za mwisho. Wasimamizi wengi hufanya kinyume, wakaruhusu siasa wiki ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyolalamikiwa zaidi, halafu moto ukiwaka wanarudisha kila kitu na kutangaza kwamba ulegezaji umeshindikana. Kilichoshindikana ni mpangilio.

Tatu, kwa kila kanuni andika mstari mmoja: kazi yake, na atakayeirithi

Chukua kanuni ya "linki haziruhusiwi". Kazi yake ni kuzuia taka na utapeli. Ukiifuta tu, mrithi wake ni mwanachama asiyejua kutofautisha linki ya kweli na ya kuibia nywila, na huyo ndiye usiyepaswa kumbebesha. Lakini taka nyingi huletwa na akaunti mpya, kwa hiyo mrithi anayefaa ni muda: linki zifunguliwe kwa aliyekaa kundini siku kadhaa na kuandika mara kadhaa. Wikipedia ya Kiingereza inatumia kipimo cha namna hii kwa kurasa zilizolindwa nusu. Akaunti inatakiwa iwe na siku 4 na mahariri 10 kabla ya kuzihariri. Programu ya Discourse, inayotumika kuendesha majukwaa mengi ya mijadala, inampandisha mgeni daraja la kwanza baada ya kufungua mada 5, kusoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 akisoma. Angalia kinachopimwa hapo: kusoma. Mleta taka hana subira ya kusoma.

Kanuni ya "usifufue uzi wa zamani" ipo ili watu wasijibu swali lililokwisha jibiwa miaka miwili iliyopita. Mrithi wake anaweza kuwa onyo la programu linalomwonyesha mwandishi tarehe ya uzi kabla hajatuma. Kama programu yako haina hilo, acha uzi ufufuke, hakuna anayeumia.

Ukifika kwenye kanuni ambayo huwezi kueleza kazi yake, waulize wasimamizi wa zamani kabla ya kuifuta. Wakati mwingine kanuni ya ajabu inalinda kitu cha kweli. "Usitaje mahali unapoishi" inaweza kuonekana ya kizamani mpaka ukumbuke kuna mwanachama aliyewahi kufuatwa hadi kwake.

Nne, hamisha uhakiki kutoka kabla kwenda baada

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine. Uhakiki wa kabla unamfanya kila mwandishi kuwa mshukiwa. Uhakiki wa baada unamwacha aseme, kisha anayekosea ndiye anayefuatwa. Usiruke kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa siku moja. Nenda kwa ngazi tatu, kila moja ipewe wiki mbili:

1. Waachie huru wote ambao machapisho yao 5 ya mwisho yamepitishwa bila marekebisho. Kwa kawaida ndio wanaojaza foleni, kwa hiyo itapungua mara moja na wageni watahudumiwa haraka.
2. Kwa wageni, hakiki chapisho la kwanza tu. Likipita, la pili litoke lenyewe.
3. Ondoa uhakiki kwa maandishi matupu. Acha ubaki kwa linki, picha na video za wageni peke yao.

Ngazi ya tatu ndiyo ya kukaa. Kuondoa uhakiki wote kunafaa kundi dogo ambalo watu wanajuana, au lenye wasimamizi walio macho saa zote.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni usiku. Foleni ilikuwa inamzuia mleta taka wa saa nane za usiku hadi asubuhi. Sasa ujumbe wake unakaa mbele ya watu kwa muda wa saa 5 kabla ya msimamizi kuamka. Tiba ni tatu, na unaweza kuzitumia pamoja. Moja, tafuta msimamizi anayeishi katika majira tofauti ya saa. Mbili, rudisha uhakiki kwa saa za usiku tu, na useme wazi kwamba ndivyo ilivyo. Tatu, wape wanachama uwezo wa kuficha: ujumbe ukiripotiwa na watu 3 wa muda mrefu, ufichwe wenyewe mpaka msimamizi autazame. Usihesabu ripoti za akaunti mpya kwenye hao watatu, la sivyo kikundi cha marafiki kitatumia njia hiyo kumnyamazisha mtu wasiyempenda.

Kanuni ya kasi ni bora kuliko kanuni ya maneno pale mjadala unapochemka. Telegram na Discord zote zina mwendo wa polepole, ambao mtu akituma ujumbe mmoja anasubiri kabla ya kutuma mwingine. Kwenye Discord unaweza kuuweka kuanzia sekunde 5 hadi saa 6. Sekunde 30 zinatosha kupoza mabishano ya kawaida. Dakika 5 ni za siku mbaya. Zaidi ya hapo umefunga kundi bila kusema.

WhatsApp ina ngazi chache zaidi, kwa hiyo ulegezaji wake unafanyika mlangoni. Washa uidhinishaji wa wanachama wapya, halafu ndani waache watu waandike wote badala ya wasimamizi peke yao. Msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mtu kwa wote, lakini kumbuka kinachobaki ni alama inayoonyesha kwamba msimamizi ameufuta. Ni vizuri kwa uwazi. Pia ni chanzo cha ugomvi usipoandika sababu papo hapo, hata kwa maneno manne.

Tano, vichujio vya maneno

Hivi viangalie kwa jicho kali, maana ndivyo vinavyowaumiza wasio na hatia kimyakimya. Kisa maarufu ni cha mwaka 1996, ambapo wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujisajili na huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu herufi za katikati ya jina la mji wao zinaunda tusi la Kiingereza.

Kiswahili kina balaa hilo maradufu, kwa sababu viambishi vyetu hugandana na mzizi. Tusi moja la herufi nne limo ndani ya "kumaliza" na "kumaanisha". Jingine limo ndani ya "utakosa" na "atakoma". Kichujio kinachotafuta herufi popote zilipo kitamzuia mtu anayeomba msaada wa kumaliza kazi yake, na hatajua kwa nini ujumbe wake haukutoka.

Fanya hivi. Toa orodha yote ya maneno yaliyozuiwa na uiweke mahali wasimamizi wote wanaiona. Mara nyingi utakuta maneno ambayo hakuna anayekumbuka nani aliyaweka. Badili ulinganisho uwe wa neno zima. Hapo utapoteza maumbo yenye viambishi, basi yaongeze kwa mkono yale yanayotumika kweli, matano au sita. Halafu badili hatua yenyewe: kichujio kisizuie, kimwonyeshe msimamizi. Kuzuia kabisa kubaki kwa maneno ya chuki dhidi ya kabila, rangi au dini, na kwa anwani za tovuti za utapeli. Tusi la kawaida kati ya marafiki lina tofauti kubwa na tusi la kumdhalilisha mtu, na kompyuta haioni tofauti hiyo.

Mwisho, andika maneno 30 ya kawaida yenye herufi zilizozuiwa ndani yake na uyatume kwenye uzi wa majaribio, ukitumia akaunti ya mwanachama wa kawaida. Akaunti ya msimamizi mara nyingi haizuiwi na kichujio, na ndiyo maana wasimamizi huapa kwamba hakuna tatizo.

Sita, andika upya kilichobaki

Ukifika hapa utakuwa na kanuni 6 hadi 9. Ziandike kwa namna ambayo msomaji anajua kitakachotokea. Linganisha:

*Zamani:* "Ni marufuku kuleta vurugu au kuandika mambo yasiyofaa. Atakayekiuka atachukuliwa hatua kali."

*Sasa:* "Pinga hoja, usimshambulie aliyeitoa. 'Takwimu hizo si sahihi' inaruhusiwa. 'Wewe ni mjinga' itaondolewa. Mara ya tatu ndani ya siku 30, hutaandika kwa saa 24."

Ya zamani inaonekana kali lakini ndiyo inayoacha kila kitu kwa hisia za msimamizi wa siku hiyo. Ya pili ni laini na ina meno. Kila kanuni iwe na mfano mmoja unaoruhusiwa na mmoja usioruhusiwa, na mifano hiyo ikaribiane. Mfano wa tusi zito haumfundishi mtu kitu. Kila mtu anajua hilo haliruhusiwi. Anayetaka kujua mpaka ulipo anahitaji kuona mambo mawili yanayofanana, moja ndani na jingine nje.

Futa kanuni ya "usibishane na msimamizi hadharani". Badala yake weka uzi mmoja wa malalamiko ambapo uamuzi wowote unaweza kuhojiwa, na msimamizi aliyefanya uamuzi asiwe ndiye anayejibu rufaa yake.

Kuhusu mada zilizopigwa marufuku, zijengee chumba cha pembeni kabla ya kuziruhusu sebuleni. Siasa, mpira na mizaha vipewe sehemu yake ambayo mwanachama anaingia kwa kuomba, na inayoweza kunyamazishwa bila kukosa mengine. Chumba cha pembeni kikikaa miezi miwili bila kuhitaji msimamizi kila siku, unaweza kufikiria kuruhusu mada hiyo kwingine. Mara nyingi hutahitaji.

Saba, wasimamizi wenyewe

Sababu kubwa ya ulegezaji kushindwa ni mkono uliozoea kufuta. Kanuni imebadilika kwenye karatasi, lakini msimamizi aliyetekeleza ile ya zamani kwa miaka minne anaendelea nayo, na mwenzake mpya anaruhusu. Wanachama wanaona ujumbe uleule ukifutwa Jumatatu na kuachwa Jumatano. Hapo hata aliyekuwa radhi na kanuni kali anakasirika, kwa haki.

Andaa mifano 20, iliyochukuliwa kwenye yale machapisho 100 ya mwanzo na kuondolewa majina. Kila msimamizi ajibu peke yake: ibaki, ikumbushwe, iondolewe, au mwandishi asimamishwe. Kutaneni na mzungumzie tu mifano ambayo majibu yametofautiana. Rudieni baada ya mwezi kwa mifano mipya. Kikao cha kwanza kitachukua kama saa moja na nusu, na kitakuwa na mabishano; heri yatokee humo kuliko mbele ya wanachama.

Kisha kubalianeni ngazi ya hatua, na iwe moja kwa wote: kukumbusha hadharani kwa upole, kuondoa ujumbe na kuandika sababu, kunyamazisha saa 24, siku 7, kufungia. Hakuna kuruka ngazi isipokuwa kwa mambo ya fungu la kwanza. Kila hatua kuanzia ya pili iandikwe kwenye daftari la pamoja: tarehe, nani, kanuni ipi, hatua gani. Bila daftari hakuna "mara ya tatu", kuna kumbukumbu za watu tu.

Weka pia sharti dogo ambalo Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, iliwahi kulionyesha vizuri. Huko wanachama wenye sifa nzuri walipewa pointi 5 za kupandisha au kushusha maoni ya wengine, zikaisha muda baada ya siku 3, na aliyeshiriki mjadala hakuweza kuhukumu ndani ya mjadala huohuo. Hilo la mwisho linafaa kundi lolote: msimamizi aliyeingia kwenye mabishano amwachie mwenzake maamuzi ya uzi huo.

Nane, tangazo

Usilegeze kimya. Ukikaa kimya, walioelewa kwanza ni wakorofi, na waungwana wanaendelea kujibana kwa kanuni ambazo hazipo. Tangazo lisizidi maneno 150 na liwe na mambo matano: kinachoruhusiwa sasa, kisichobadilika, tarehe ya kuanza, tarehe ya tathmini, na pa kulalamikia. Kwa mfano:

"Kuanzia tarehe 1, waliokaa kundini zaidi ya siku 10 wanaweza kuweka linki bila kusubiri idhini. Utapeli, vitisho na kuanika taarifa za watu havijabadilika: aliyefanya anafungiwa siku hiyohiyo. Haya ni majaribio ya siku 30. Tarehe 31 tutaweka matokeo hapa na kuuliza maoni yenu. Ukiona ujumbe mbaya, uripoti, usiujibu. Malalamiko yaende kwenye uzi uliobandikwa juu."

Chagua wakati. Usitangaze katikati ya ugomvi, maana upande mmoja utatangaza ushindi. Usitangaze wiki ya uchaguzi wala usiku wa kuamkia mapumziko ambayo wasimamizi wote watakuwa safarini. Na usitangaze mwezi uleule unaopokea wageni wengi. Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya mijadala, ilijifunza hilo kwa njia ngumu: kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia, na ndani ya wiki chache wenyeji wakawa wamewafundisha adabu za pale; lakini kuanzia 1993, milango ya watoa huduma wa kibiashara ilipofunguka, wageni hawakukoma tena na wenyeji hawakuweza kuwafundisha wote. Adabu hufundishwa na watu walio wengi kwa watu walio wachache. Uwiano ukigeuka, kanuni nyepesi hazina wa kuzishika.

Tisa, fungua moja, subiri, fungua nyingine

Wiki mbili kati ya badiliko moja na jingine. Ukifungua manne kwa pamoja na ripoti zikapanda, hutajua lipi limesababisha, utayarudisha yote.

Wiki ya kwanza watu watapima ukuta. Atatokea wa kuweka linki 12 kwa siku kwa kuwa zimeruhusiwa, na wa kutukana kidogo kuona kama mpo. Hii ni kawaida na hupungua. Mjibuni haraka, kwa ngazi ya chini kabisa, mbele ya watu. Kosa la kwanza likijibiwa ndani ya saa moja kwa ukumbusho mpole, kazi ya mwezi mzima inapungua.

Kumi, vipimo na breki

Andika kabla ya kuanza ni nini kitakachokufanya urudi nyuma. Ukisubiri mpaka moto uwake, utaamua kwa hasira au kwa aibu ya kubadili msimamo. Vipimo vinne vinatosha:

- Ripoti kwa kila machapisho 1,000, zikilinganishwa na siku 14 za mwanzo. Zikizidi mara mbili na kukaa hapo siku 10, simamisha badiliko la mwisho.
- Muda kati ya ujumbe mbaya kuwekwa na kuondolewa. Wakati wa mchana, ukizidi urefu wa saa 3, wasimamizi hawatoshi.
- Wageni wanaoandika mara ya pili. Wakiwa hawajaongezeka baada ya siku 30, umelegeza kitu kisichokuwa kizuizi.
- Ukimya wa watu wema.

Hiki cha mwisho hakionekani kwenye takwimu za programu. Kabla ya kuanza, andika majina ya wanachama 20 wanaotoa majibu ya maana, na hakikisha humo wamo wanawake, vijana na wale wa maoni yasiyo ya wengi. Kila wiki angalia wangapi wameandika. Machapisho kwa jumla yanaweza kuongezeka mara mbili huku hao 20 wakitoweka mmoja mmoja. Hawatalalamika wala kuaga, wataacha tu kufungua. Watano wakinyamaza kwa wiki mbili, waandikie faraghani, swali moja fupi: "Kuna kitu kundini kimekufanya upunguze kuandika?" Jibu la mmoja wao lina uzito kuliko kura ya maoni ya watu 300, kwa sababu kura hupigwa na waliobaki.

Ripoti nazo zina udanganyifu wake. Zikipanda, angalia zimetoka kwa watu wangapi. Kupanda kwa ripoti 60 zilizotumwa na watu watatu ni ugomvi wa watu watatu.

Kurudisha kanuni, na waliofungiwa zamani

Kurudisha ulichofungua si aibu ikiwa uliita majaribio. Rudisha kwa kipimo kidogo kuliko cha awali: kama linki zimeleta taka, siku 10 ziwe 20, usizifunge kwa wote. Kanuni inayorudi iwekewe tarehe ya mwisho, siku 60, na ikifika bila mtu kuitetea, ife.

Waliofungiwa wataomba kurudi mara tu wasikiapo habari. Usichanganye msamaha na ulegezaji. Subiri mpaka siku 30 za kwanza zimepita na namba zimetulia. Aliyefungiwa kwa kanuni ambayo sasa haipo arudi bila masharti, na ujumbe wa kumkaribisha usitaje kosa lake. Aliyefungiwa kwa matusi anaweza kurudi akianzia ngazi ya mgeni, machapisho yake ya mwanzo yakihakikiwa. Waliofungiwa kwa vitisho, utapeli au kuwaandama watu wabaki nje, na kabla ya kumrudisha yeyote aliyemuumiza mwanachama, muulize kwanza aliyeumizwa. Nyuzi zilizofungwa zamani kwa sababu ya ugomvi usizifungue. Anayetaka mjadala ule aanzishe uzi mpya, maana ukifungua ule wa zamani watu watajibu tusi la 2021 kana kwamba limeandikwa asubuhi.